Apatimenti nne Goba kwa mkopo wa mshahara: hela inarudi lini?

Swali: Mimi na mke wangu ni watumishi wa umma. Tuna kiwanja cha mita za mraba 600 Goba, Dar es Salaam, tulichonunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa, hakina hati. Tuna akiba ya shilingi milioni 45, na benki iko tayari kunipa mkopo wa mshahara wa milioni 30 kwa miaka 6, riba asilimia 16. Fundi amekadiria milioni 75 kwa apatimenti nne za chumba, sebule, jiko na choo. Majirani wanapangisha kwa 250,000 kwa mwezi. Nikigawa milioni 75 kwa milioni 12 za mwaka, naona hela inarudi kwa miaka sita na kidogo. Niko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, kujenga jengeni. Ila msijenge zote nne kwa mpigo kwa mkopo huo. Hesabu yako imechukua kodi yote kana kwamba inabaki mfukoni, ikaigawa kwa gharama ambayo haijatimia. Tuipige upya kwa namba zako mwenyewe.

Tuanze na gharama. Kiwanja ni mtaji hata kama mlishakilipia, kwa sababu leo mngeweza kukiuza na hela ikafanya kazi nyingine. Tuseme kingeuzika milioni 25. Ukijumlisha na 75 za ujenzi, mradi wenu ni wa milioni 100. Halafu rudi kwa fundi na makadirio yake mkononi, mkague mstari kwa mstari. Makadirio mengi ya mafundi yanaishia kwenye rangi na milango. Karo la majitaka na shimo lake, tangi la maji na mnara wake, kuvuta umeme na kufunga mita nne, kuunganisha maji, kibali cha ujenzi, kusawazisha uwanja na ukuta wa nje mara nyingi havimo, na hivyo peke yake ni mamilioni. Nitachukulia kwamba milioni 75 zimejumuisha vyote, na kwamba milioni 15 kati ya hizo ni za mambo ya pamoja. Kama havimo, hesabu inayofuata inakuwa mbaya zaidi.

Sasa mapato. Apatimenti nne kwa 250,000 ni milioni 12 kwa mwaka, iwapo hakuna mlango unaokaa wazi hata siku moja. Hilo halitokei. Mpangaji anahama, unapaka rangi, unabadilisha kitasa, dalali analeta watu watatu ndipo mmoja alipie. Weka mwezi mmoja mtupu kwa kila apatimenti kwa mwaka. Mnabaki na milioni 11. Toa asilimia 10 ya matengenezo, yaani milioni 1.1. Toa 60,000 kila mwezi kwa taa za nje, usafi na gari la kunyonya majitaka, yaani 720,000 kwa mwaka. Kodi ya majengo na pango la ardhi nimeziwekea 80,000 kwa pamoja, ingawa pango la ardhi litategemea ukubwa wa eneo na matumizi yatakayoandikwa kwenye hati. Kodi ya mapato ya TRA (Mamlaka ya Mapato) nimeitengea asilimia 10 ya mlichopokea, milioni 1.1 nyingine. Jumla ya makato ni milioni 3, na kinachobaki ni milioni 8.

Milioni 8 juu ya mradi wa milioni 100 ni asilimia 8 kwa mwaka. Fedha inarudi kwa miaka kumi na miwili na nusu. Hata ukiamua kusahau kiwanja, 75 kwa 8 ni zaidi ya miaka tisa, na hapo bado sijagusa riba. Kwa kulinganisha, hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) za miaka 20 zilizotolewa nusu ya pili ya mwaka 2022 zilikuwa na kuponi, yaani riba ya mwaka, ya asilimia 12.10, bila mpangaji na bila bomba kupasuka. Sisemi mkanunue hatifungani. Kuponi haipandi kwa miaka yote 20, wakati kodi ya Goba inapanda, na ardhi yenyewe ikikaa inaongezeka thamani. Lakini mjue mnachokibadilisha na nini: mnakubali mapato madogo leo kwa kutegemea thamani ya kesho. Mtu anayefanya hivyo hapaswi kuwa na deni linalodai hela nyingi leo.

Na deni hilo ndilo tatizo lenyewe. Milioni 30 kwa asilimia 16 kwa miezi 72, riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama 651,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7.8. Nyumba zote nne zinawaletea milioni 8. Mnabaki na chini ya 200,000 kwa mwaka mzima kutoka mradi wa milioni 100. Apatimenti moja ikikaa wazi mwezi mmoja zaidi ya ule niliouweka, mshahara unaanza kuilisha nyumba.

Kuna miezi mingine ambayo watu huisahau. Mkopo wa mshahara unaanza kukatwa mwezi unaofuata, wakati nyumba bado ni msingi. Ujenzi ukichukua miezi minane, mtakuwa mmelipa milioni 5.2 kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Hela hiyo lazima itoke mahali, na kwa kawaida inatoka kwenye hela ya ujenzi. Ndiyo maana Dar imejaa nyumba zilizoezekwa bati zikakwama bila madirisha: mwenye nyumba alikuwa na hela ya kumaliza, ila marejesho yaliila njiani.

Kabla ya kusaini chochote, muulize afisa mikopo hivi: "Riba inapigwa kwenye salio au kwenye mkopo wote wa mwanzo?" Kwa riba ya salio, jumla ya riba yenu kwa miaka sita ni kama milioni 16.85. Asilimia hiyohiyo 16 ikipigwa kwenye milioni 30 zote kila mwaka bila kujali mlichokwisha kulipa, riba inakuwa milioni 28.8 na rejesho linafika kama 817,000 kwa mwezi. Asilimia ni ileile kwenye karatasi zote mbili, tofauti ni milioni 12. Uliza pia ada ya mkopo na bima vinakatwa kiasi gani mwanzoni, kwa kuwa hamtapokea milioni 30 kamili ila riba mtailipia kamili. Na kuna adhabu gani mkitaka kulipa kabla ya muda? Waombe jedwali la marejesho lililochapishwa, lenye safu ya mtaji na safu ya riba kwa kila mwezi. Wakisita kuwapa, msisaini.

Ningekuwa nawapangia mimi, ningefanya hivi. Gawanyeni mradi katika majengo mawili, kila moja lenye apatimenti mbili, paa lake na njia zake za maji. Msichimbe msingi wa zote nne kwa hoja kwamba ni nafuu kufanya mara moja. Msingi uliokaa miaka miwili bila kuta unakula hela isiyoleta kodi, na nondo zilizoachwa wazi zinapata kutu. Jengo la kwanza likichukua milioni 30, na milioni 8 zikaingia kwenye karo, maji na umeme, mnabaki na milioni 7. Milioni 3 ziende kwenye upimaji, hati na kibali. Milioni 4 zikae akaunti tofauti kama akiba ya nyumba, isiguswe kwa ada ya shule wala msiba. Ukuta na geti, nilivyoviwekea milioni 7 zilizobaki kwenye mambo ya pamoja, vinaweza kusubiri. Michongoma iliyopandwa na kukatwa vizuri inatosha kwa mwanzo.

Apatimenti mbili, kwa makato yaleyale lakini gharama za pamoja zikiwa 40,000 kwa mwezi badala ya 60,000, zitawaachia kama milioni 3.84 kwa mwaka, yaani 320,000 kwa mwezi. Jumlisha na ile 651,000 ambayo mngekuwa mnalipa benki. Mkiweza kuiweka kila mwezi bila kushurutishwa na mwajiri, mnakusanya 971,000 kwa mwezi, na baada ya miezi 18 mna kama milioni 17.5. Hapo kopeni milioni 12.5 tu kwa miezi 30 ili kukamilisha milioni 30 za jengo la pili. Kwa riba ileile ya asilimia 16 ya salio, rejesho ni kama 508,000 kwa mwezi, na riba yote ni karibu milioni 2.75. Kodi ya jengo la pili mtakayokuwa mmeikosa kwa kusubiri miezi hiyo 18, baada ya makato, ni kama milioni 6.25. Jumla kama milioni 9, dhidi ya milioni 16.85 za riba ya mpango wako wa kwanza. Tofauti hiyo si utajiri, na vifaa vya ujenzi vikipanda bei vitaila sehemu yake. Kinachonifanya nisisitize njia hii ni kwamba katika hatua zote mshahara wenu unaweza kubeba deni hata nyumba zikiwa tupu. Watumishi mnajua kanuni ya theluthi moja, kwamba makato hayaruhusiwi kuacha chini ya theluthi ya mshahara. Kubaki na theluthi si sawa na kuishi kwa theluthi.

Ile 250,000 ya majirani nayo ihakikini. Bei inayotajwa na dalali ni bei anayoitaka mwenye nyumba. Tafuteni madalali watatu wasiofahamiana, kila mmoja muulizeni apatimenti aliyopangisha mwisho ililipiwa kiasi gani, mpangaji alilipa miezi mingapi, na mlango ulikaa wazi kwa muda gani. Pitieni pia mitaa ya jirani mhesabu majengo mapya yanayopauliwa. Kama kuna apatimenti thelathini zinazofanana na zenu zitakazoingia sokoni mwaka huohuo, pigeni hesabu kwa 200,000. Kwa bei hiyo, hata mkipangisha zote nne, mapato baada ya makato yanashuka hadi kama milioni 6.2, wakati rejesho la mpango wako wa kwanza lingebaki 7.8.

Na zikishakuwa tayari, msing'ang'anie bei. Tuseme mpangaji mzuri anatoa 230,000 na wewe unataka 250,000. Ukimkataa na mlango ukakaa wazi mwezi mmoja, umepoteza 230,000, na itakuchukua karibu mwaka mzima wa ile 20,000 ya ziada kuirudisha. Miezi miwili ikipita, ni karibu miaka miwili. Hali ni hiyohiyo kwa kudai kodi ya miezi sita au mwaka: wanaoweza kuitoa kwa mara moja ni wachache kuliko wanaoweza miezi mitatu, na mlango wazi ni gharama yako, si yao. Kodi ya miezi sita ikiingia, kwa apatimenti mbili ni milioni 3 siku moja. Igawe kwa sita siku hiyohiyo. Ya mwezi huu ndiyo yenu. Tano zilizobaki bado ni za mpangaji mpaka akae.

Kuhusu TRA kuna mambo mawili yanayochanganya watu. Mpangaji akiwa kampuni, au mfanyabiashara anayepanga kwa ajili ya shughuli zake, anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Mkipokea asilimia 90, daini hati ya kodi ya zuio, maana ndiyo ushahidi kwamba mmelipa. Mpangaji wa kawaida anayekaa na familia yake asipokata chochote, mapato hayo bado ni mapato, mnayatangaza wenyewe. Halafu mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa apatimenti ya 250,000 ni 30,000. Watu wanauruka kwa sababu ni mdogo, lakini mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ushuru na faini vilipwe, na mnakumbuka hilo siku mpangaji amegoma kutoka.

Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu kwa ghorofa. Mkifunga mita moja kwa kila apatimenti, jambo ambalo nalishauri sana kwa sababu ugomvi wa umeme wa pamoja unahamisha wapangaji kuliko kodi kubwa, angalieni msikatwe mara mbili kwa jengo moja. Ikitokea, pelekeni namba za mita zote kwa mamlaka inayokusanya kodi hiyo zirekebishwe. Anayenunua umeme ni mpangaji, ila kodi ni ya mwenye nyumba. Andikeni kwenye mkataba kwamba atarudishiwa au itatolewa kwenye pango.

Ile asilimia 10 ya matengenezo itatosha au haitatosha kulingana na mambo matatu manne yanayofanyika wakati wa ujenzi, yote yakiwa sehemu ambazo hazionekani. La kwanza ni unyevu. Kati ya mkanda wa zege wa msingi na kozi ya kwanza ya tofali panatakiwa kulazwa nailoni nzito ya kuzuia maji yasipande, upana wote wa ukuta, na kwenye maungio ipishane vizuri. Roli lake ni gharama ndogo mno kwenye mradi wa milioni 30. Fundi asipoiweka, au akaweka vipande vipande, masika ya kwanza tu ukuta unaanza kuota chumvi nyeupe chini, plasta inavimba kama malengelenge na rangi inabanduka kwa urefu wa magoti. Hakuna rangi inayotibu hilo. Mtakwangua na kupaka kila mpangaji anapohama, maisha yote ya nyumba. Siku hiyo mmoja wenu awepo saiti, aione ikilazwa kabla ya tofali.

La pili ni karo. Apatimenti nne zina watu kumi na zaidi wanaooga kila siku, na shimo la nyumba ya familia moja haliwahimili. Chimbeni kulingana na watu wa mwisho, si wa hatua ya kwanza, na mjaribu udongo: jaza maji kwenye kishimo, angalia yananywewa kwa muda gani. Penye mfinyanzi shimo litajaa masika yote, kuanzia Machi hadi Mei, na gari la majitaka litakuwa mpangaji wenu wa tano. Acheni njia ya gari kufika. Ukuta utakaojengwa baadaye usiizibe.

Tofali, muulize muuzaji anatoa ngapi za inchi 6 kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Akitaja 45 na kuendelea, bei yake ya chini si nafuu, kwani nyingine zitavunjika wakati wa kupakua. Na kama maji ni ya kisima, yaonjeni na kuyapima kabla ya kununua koki na mashine za vyoo; visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inamaliza vifaa vya bei rahisi haraka.

Nimeacha hati mwisho, lakini kwa mpangilio wa kazi ndiyo ya kwanza. Mmeahidiwa mkopo wa mshahara, wa muda mfupi, kwa sababu kiwanja bila hati benki haiwezi kukishika kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Nendeni serikali ya mtaa na halmashauri mjue kama eneo limeingia kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, ramani ya mipango miji inasema nini juu ya kiwanja chenu, na kama hakigusi hifadhi ya barabara au bonde. Nyumba zilizobomolewa kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, mwaka 2017 nyingi zilikuwa za kudumu, zenye wapangaji. Hati ikitoka, iandikwe majina yenu wawili. Kisheria, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na majina mawili yanaondoa ubishi hata kwenye hizi za kupangisha. Muda wa miliki utakuwa miaka 33, 66 au 99. Omba mrefu, benki huangalia miaka iliyobaki.

Kuanzia mfuko wa kwanza wa saruji, daini risiti za EFD (mashine ya risiti ya kodi) na muwe na faili moja la risiti, mikataba ya mafundi na vocha za malipo yao zilizosainiwa. Siku mkiuza, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, na faida inapatikana baada ya kutoa gharama mnazoweza kuzithibitisha. Ule msamaha wa faida isiyozidi milioni 15 ni wa nyumba ambayo mwenyewe umekaa kwa angalau miaka mitatu. Za kupangisha hazimo. Gharama ya milioni 10 isiyo na risiti inaweza kuwaongezea kodi ya milioni 1 miaka ishirini baadaye, kwa hiyo pigeni pia picha za risiti hizo mapema, maana wino wa mashine za EFD unafutika.